Mbeba Spika

Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu.
Hawakuwahi kubeba spika za bendi ya Tanuri
kutoka Kemi hadi Oulu, Januari, ngazi zimeganda barafu,
spika nane, kila moja nzito kama ng'ombe aliyegoma.
Miaka kumi na tisa. Uti wangu wa mgongo unaijua roki
kuliko mhakiki yeyote wa gazeti.

Raimo Kettukangas, siku hizo,
nywele hadi kiunoni, suruali ya ngozi ikimbana pumzi,
vidole vikikimbia juu ya shingo ya gitaa
kama panya waliowashiwa taa.
Noti kumi na sita kwa kila pigo la ngoma! Tulijaribu kuzihesabu,
mimi na fundi mitambo, tukawekeana dau, tukashindwa sote.
Umati ulinguruma. Moshi ulipanda. Mimi nyuma ya pazia,
pamba masikioni, nikiziwaza ngazi za kushuka.

Watu huniuliza: kwa nini aliacha?
Wanataka kisa cha ulevi, au cha mwanamke.
Mimi nina haya tu:

Baba yake alifariki mwezi Machi.
Alikuwa mpasua mbao; msumeno ulikwisha kumla vidole viwili
naye hakuwahi kuvitaja.
Ardhi ilikuwa chuma. Wachimbaji waliwasha makaa
juu ya mahali pa kaburi, siku mbili, ili udongo ulainike.
Raimo aliketi kando ya makaa yale usiku, kofia magotini,
na kwa mara ya kwanza tangu nimjue
vidole vyake havikuwa vikicheza.

Mwezi Mei, ndani ya gari, baada ya onyesho,
alipiga uzi mmoja. Akangoja.
Sauti ikafa. Akaupiga tena.
"Ilkka," akasema, "miaka yote hii
sijaingoja hata moja ifike inakokwenda."
Nikamwambia alale, kesho ni Tampere.

Hannu wa ngoma alimwita msaliti, akarusha kiti.
Meneja alikokotoa hasara nyuma ya karatasi ya mkate.
Yeye akanyoa nywele, akanunua santuri zilizokwaruzika,
sauti za watu weusi wa mbali waliochuma pamba isiyo yao,
akazisikiliza majira yote ya giza
kama mwanafunzi aliyerudishwa darasa la kwanza.
"Si yangu hii bluzi," aliniambia. "Mimi jirani tu,
nimebisha hodi kuomba chumvi."
Na alivyoipiga mwanzoni! Vibaya. Haraka mno.
Kama mtu anayesoma tanzia huku akiwahi basi.

Juzi, baa moja ya Tornio. Watu thelathini na mmoja,
niliwahesabu, pamoja na mpishi.
Mlevi wa meza ya mbele akapiga yowe:
"Ile ya kasi, Raimo! Ile ya kasi!"
Raimo akamtazama bila ukali,
akauvuta uzi wa tatu kwa kidole chenye baridi yabisi.
Sauti ikapanda, ikapanda,
ikakaribia pale ilipopaswa kufika,
ikasita chini yake kidogo tu,
kama mtu aliyeinua mkono agonge mlango wa aliyemkosea
kisha akabaki vivyo hivyo, theluji ikimwangukia.
Hakuifikisha. Aliiacha nje.
Mlevi akakaa. Akavua kofia, sijui kwa nini.

Wala sitasema nililia. Nilikuwa na waya za kuangalia.

Baadaye nikabeba mzigo wote kwa safari moja:
amplifaya, ndogo kama sanduku la mtoto wa bweni,
mkono wa kulia.
Wa kushoto haukuwa na la kufanya.
Nilisimama nao kwenye maegesho,
baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri,
kisha nikautia mfukoni.